Sifuri Mbili

(Hotuba kwa wanafunzi wa afya ya mazingira na kumbukumbu za afya)

Mwenyekiti, walimu, na ninyi vijana, habari za mchana. Wakubwa zangu mliopo, shikamooni. Nimepewa dakika arobaini, na harufu ya pilau naisikia kutoka huko nyuma, kwa hiyo najua nashindana na nini.

Nimekuwa Bwana Afya kwa miaka thelathini na moja. Bwana Afya wa pikipiki, yule akionekana njia panda watu wanaanza kufagia uwanja na kuziba matundu ya choo. Nilipostaafu, mwanangu alinifungulia kwenye kompyuta hazina moja iliyowekwa na maktaba ya Wellcome ya London: ripoti za mwaka za madaktari wa afya wa jiji lile, zaidi ya 5,000, kuanzia 1848 hadi 1972, ukurasa kwa ukurasa, bure. Kutoka hapo nikahamia ripoti za wilaya nyingine za Uingereza, za mjini na za shamba. Mke wangu anasema wenzangu wakistaafu wanafuga kuku.

Kabla sijaenda Uingereza, nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa natuma taarifa ya kila wiki: surua wangapi, kipindupindu wangapi, kuhara damu wangapi, kata kwa kata. Wiki moja ya masika daraja lilichukuliwa na maji, na kata moja ng'ambo ya mto haikuleta karatasi. Nikaandika sifuri. Si kwamba nilidanganya kwa makusudi. Kisanduku kilikuwa kitupu, na kisanduku kitupu kinaudhi macho. Siku chache baadaye, mama mmoja anayeuza mihogo akaniambia, kama mtu anayetoa habari za kawaida tu, kwamba watoto kule ng'ambo wana vipele na macho mekundu. Sifuri yangu ilikuwa imeshapigwa muhuri na kwenda mkoani. Huyo mama nitarudi kwake.

Sasa Uingereza. Mwaka 1900 hawakuwa na wizara ya afya. Hiyo ilikuja 1919. Walichokuwa nacho ni halmashauri. Sheria ya Afya ya Umma ya 1875 iliitaka kila wilaya iwe na Daktari wa Afya, na chini yake mtu ambaye cheo chake, nikikitafsiri neno kwa neno, ni Mkaguzi wa Kero. Msicheke, huyo ndiye babu yenu kikazi. Mitaro, mabucha, vyoo, nguruwe waliofugwa uani, moshi, mizoga, vyote vilikuwa kero na vyote vilikuwa vyake. Wilaya za shamba mara nyingi Daktari wa Afya alikuwa tabibu wa kawaida wa pale pale, anatibu watu wake asubuhi na kuandika barua za halmashauri usiku.

Madaktari hawa walijuaje nani anaumwa? Mwanzoni hawakujua. Walipata vifo tu, kutoka kwa msajili, na kifo ni taarifa inayofika ugonjwa ukiwa umeshahama nyumba. Ndipo ikaja sheria ya 1889 ya kutoa taarifa za magonjwa ya kuambukiza. London ikalazimishwa, kwingine halmashauri zikaachiwa zichague. Mwaka 1899 uchaguzi ukaondolewa, nchi nzima ya England na Wales ikaingia. Ndui, kipindupindu, dondakoo, homa ya matumbo, homa ya chawa, homa ya uzazi, na ile homa ya koo na vipele iliyowatisha sana wazazi wa Kiingereza, ambayo mimi naiita homa nyekundu: daktari akimkuta nayo mtu, sheria inamtaka ajaze cheti na kukipeleka kwa Daktari wa Afya. Hata mkuu wa kaya alitakiwa kutoa habari. Asiyetii, faini hadi shilingi 40.

Na cheti kililipiwa. Shilingi mbili na peni sita, sarafu waliyoiita nusu kroni, kwa mgonjwa wa daktari binafsi; shilingi moja kama mgonjwa alionwa katika kazi ya umma. Nimewasikia wenzangu wakisema ukilipa watu kwa ajili ya taarifa utavuna uongo. Waingereza waliona kinyume: usipolipa utavuna ukimya. Mimi, baada ya miaka thelathini na moja ya kuomba taarifa kwa watu waliokuwa wanajaza fomu kwa kalamu waliyoinunua wenyewe, niko upande wa ile nusu kroni.

Cheti kikifika, Mkaguzi wa Kero anaondoka na fomu yake. Anabisha hodi. Maziwa mnanunua kwa nani? Watoto wanasoma shule gani, darasa gani? Nani anawafulia? Maji mnachota wapi, na choo kiko hatua ngapi kutoka kisimani? Baba anafanya kazi gani na wapi? Swali la maziwa huwa la kwanza au karibu na la kwanza, na lina historia. Mwaka 1870, huko Islington, Daktari wa Afya Edward Ballard aliweka majina ya nyumba zenye homa ya matumbo kando ya orodha ya wateja wa muuza maziwa mmoja. Akaona ugonjwa unatembea mlango kwa mlango pamoja na ndoo ya maziwa, na kuruka nyumba zinazonunua kwingine. Tangu hapo hakuna mkaguzi mwenye akili aliyesahau kuuliza maziwa.

Baada ya maswali, gari la farasi. Mgonjwa anapelekwa hospitali ya kutenga, nje ya mji, penye upepo. Chumba chake kinazibwa kwa vipande vya karatasi kwenye nyufa za dirisha na mlango, kisha salfa inachomwa ndani. Magodoro yanakwenda kwenye tanuri la mvuke. Ndugu zake wanazuiwa shule. Hata vitabu: sheria ya 1907 ilimkataza mwenye ugonjwa wa kuambukiza kuazima kitabu cha maktaba. Na katika miji kadhaa mgonjwa alipewa namba, gazeti la jioni likachapisha namba za waliozidiwa na za wanaoendelea vizuri, ili wazazi wasiende kusongamana getini. Fikirini baba anafungua gazeti chini ya taa na kidole chake kinashuka kwenye safu kutafuta namba ya mwanawe. Siku hizi tunasema mgonjwa asigeuzwe namba. Wale wazazi waliililia namba hiyo.

Mwisho wa mwaka vyeti vyote vinakuwa jedwali. Safu za umri: chini ya mwaka mmoja, mwaka mmoja hadi mitano, na kuendelea. Mitaa au parokia upande mmoja. Waliopelekwa hospitali, waliokufa. Chini yake hesabu kwa kila watu 1,000, ikitegemea sensa ya kila miaka kumi, kwa hiyo kadiri mwaka ulivyokuwa mbali na 1901 au 1911 ndivyo daktari alivyokuwa akikisia idadi ya watu wake. Jedwali ni zuri kulitazama. Na hapa ndipo nilipoanza kupata taabu, kwa sababu ndani yake nililiona daftari langu mwenyewe, lile la taarifa za kila wiki.

Tafuteni surua. Haimo. Tafuteni kifaduro. Hakimo. Magonjwa haya mawili yalikuwa yakizika watoto wadogo wa Uingereza kwa maelfu kila mwaka, na sheria ya 1889 haikuyaweka kwenye orodha. Si kwa usahaulifu. Mtoto wa surua anaambukiza wenzake siku kadhaa kabla vipele havijatoka. Kwa hiyo cheti kikifika, mtaa mzima umeshapata. Vitanda vya kuwaweka hawakuwa navyo, na halmashauri nyingi hazikutaka kulipia nusu kroni kwa kila mtoto wa surua katika mwaka wa surua. Kwa hiyo daftari la Waingereza liliandika magonjwa ambayo halmashauri ilijiona ina la kuyafanyia.

Madaktari wa Afya wakatafuta mlango wa nyuma, na mlango huo ulikuwa shule. Mwalimu mkuu anaandika barua: darasa la watoto wadogo leo wamekosekana kumi na saba, nasikia ni surua. Lakini ruzuku ya shule ilikokotolewa kwa wastani wa mahudhurio. Mwalimu anayetoa habari mapema anaweza kufungiwa shule, na mwalimu asiyetoa anabaki na madawati yenye watu wanaokohoa. Hapa Tanzania mtaniambia wenyewe kama mnawajua watu wanaokaa kwenye mtego wa namna hiyo.

Hatimaye surua iliingizwa nchi nzima tarehe 1 Januari 1916, katikati ya vita. Mwisho wa 1919 wakaitoa tena. Mtu akichora mchoro wa surua kwa vyeti vya miaka hiyo ataona mlima unachomoza kutoka bondeni na kurudi bondeni, na kama hajui sheria ataandika tasnifu nzima kuhusu vita na surua.

Kifua kikuu ni habari ndefu zaidi, na naomba mnivumilie kidogo hapa. Taarifa zake zilianza kwa vipande: kwanza wagonjwa wa hifadhi ya maskini, 1909, kisha wa hospitali, 1911, kisha kifua kikuu chote cha mapafu kuanzia Januari 1912, na cha viungo vingine mwaka uliofuata. Tatizo la kifua kikuu si kwamba daktari hakijui. Ni kwamba mgonjwa anakuja kwa miguu yake, anaongea, ana kazi na watoto, na akiandikwa ataogopewa kazini na mwenye nyumba atamtazama vibaya. Daktari wake wa familia anaelewa, anasubiri. Anasubiri mpaka mgonjwa anakaribia kufa. Madaktari wa Afya waligundua namna ya kupima ukimya huo: walichukua orodha ya waliokufa kwa kifua kikuu, wakaipitisha kwenye rejesta, wakahesabu wangapi walizikwa bila kuwahi kuandikwa wakiwa hai, na wangapi waliandikwa wiki chache tu kabla. Katika ripoti zote hizi nilizozisoma, hiyo ndiyo hesabu ninayoipenda kuliko zote. Mtu anakaa chini, kwa mkono wake mwenyewe anapima upofu wake, kisha anauchapisha kwenye ripoti inayokwenda kwa madiwani wanaomlipa mshahara. Mimi sikuwahi kufanya hivyo hata mara moja.

Kuna na wale ambao hawakumwona daktari kabisa. Cheti kinaanzia kwa daktari, na daktari alikuwa pesa. Bima ya taifa ya 1911 ilimpa mfanyakazi daktari. Mkewe na watoto hawakuwemo. Basi mtaa wenye madaktari wengi na watu wenye uwezo unaweza kuonekana una homa nyekundu kuliko mtaa wa maskini uliojaa koo zilizovimba ambazo hakuna aliyezichungulia.

Na mwaka 1918 ukaja mtihani wa mwisho. Homa kubwa ya mafua iliua watu karibu 200,000 England na Wales. Fungua jedwali la magonjwa ya kutolewa taarifa la mwaka ule uitafute. Mafua hayakuwa ugonjwa wa kutolewa taarifa. Waliokufa wamo kwenye vitabu vya msajili, lakini walioumwa wakapona, mamilioni ya siku za vitandani, mama aliyelala sakafuni na watoto wanne wote moto, hao jedwali halina mahali pa kuwaweka. Nimonia ikaongezwa kwenye orodha 1919, msiba ukiwa umeshapita kwa sehemu kubwa. Madaktari wale si kwamba hawakuona. Wameandika kurasa za maneno kuhusu mafua. Na ukisoma ripoti ya mwaka ule unaona maneno yanafurika pembeni ya jedwali lililokaa kimya.

Sasa niwapeleke mahali pazuri zaidi. Kaskazini mwa Yorkshire kuna bonde linaitwa Wensleydale: ng'ombe, kondoo, kuta za mawe, jibini maarufu. Kijiji cha Aysgarth kilikuwa na tabibu anaitwa William Pickles, mzaliwa wa Leeds, 1885. Pickles kwa Kiingereza ni achari. Ndivyo ukoo wake ulivyoitwa, mimi simo. Bwana Achari alitibu bonde hilo tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na alikuwa pia Daktari wa Afya wa wilaya hiyo ya shamba. Aliwajua watu wake kwa majina, na mbwa wao, na nani anamposa nani.

Mwaka 1929 ukaingia umanjano. Macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokaa, kichefuchefu. Siku zile waliuona kama ugonjwa wa kuziba njia ya nyongo. Kirusi chake, cha homa ya ini A, kilikuja kuonekana kwa hadubini mwaka 1973. Haukuwa kwenye orodha ya sheria, hakuna cheti, hakuna nusu kroni. Kati ya watu wapatao 5,700 wa bonde, wagonjwa walifika 250 hivi. Pickles akaanza kuwaandika mwenyewe.

Lililompa ufunguo ni sherehe ya kijiji ya kiangazi. Asubuhi ya siku hiyo alikwenda kumtazama binti mmoja mwenye umanjano, akamkuta kitandani, hoi, wala hakuwaza kwamba angeinuka. Alasiri binti akainuka. Sherehe ni mara moja kwa mwaka, jamani, na yeye ni msichana. Akaenda, akasaidia kazi. Karibu mwezi mmoja baadaye, watu waliokuwa kwenye sherehe ile, wa vijiji tofauti, wasio na nyumba wala shule ya pamoja, wakaanza kugeuka njano.

Mnaona alichopata? Tarehe. Siku moja ambayo walikutana, na siku ambayo kila mmoja aliugua. Katika jiji huwezi kuipata. Mtu wa London anapanda tramu na watu mia kwa siku. Bondeni kukutana kunahesabika. Akalinganisha visa kama hivyo, akapata kwamba ugonjwa unajificha mwilini siku 26 hadi 35 kabla ya kujitokeza. Kwa ugonjwa ambao wakubwa wa hospitali hawakuwa na hakika hata unaambukiza vipi, tabibu wa mashambani alikuwa ametoa namba, na hakutumia maabara; alitumia maswali ya mlangoni.

Akaendelea hivyo kwa miaka. Karatasi ya mraba-mraba: kila siku mraba wake, kila kijiji mstari wake, kila ugonjwa rangi yake. Mkewe, Gertrude, alimsaidia kuichora jioni. Surua, mafua, kuhara, vyote, vya kwenye sheria na visivyo kwenye sheria. Mwaka 1939 kazi yake ilitoka kitabuni, na 1953, chuo cha matabibu wa kawaida kilipokuwa kimeundwa, wakamfanya rais wake wa kwanza. Lakini mimi namkumbuka kwa swali lake. Rejesta ya wilaya iliuliza: unaumwa nini, unakaa wapi? Pickles akaongeza: mwezi uliopita ulikuwa wapi, na nani?

Basi turudi kwa mama wa mihogo. Maji yalipopungua nikavuka kwa mtumbwi, pikipiki nikaiacha kwa fundi baiskeli. Yeye alikuwa mwenyeji wangu. Alinipeleka kwa binti yake, mwenye mtoto wa kwanza kuugua katika kitongoji kile. Mtoto alishaanza kucheza, ngozi inambanduka kidogo usoni. Wakati ule Pickles sikumjua hata kwa jina, ila mwalimu wangu mmoja alitufundisha kwamba surua huhesabiwa kurudi nyuma, siku kumi hadi kumi na nne kutoka vipele. Nikahesabu kwa vidole. Nikamuuliza yule dada: siku hizo mlikuwa hapa?

Akafikiri. Bibi akajibu kwa niaba yake. "Hatukuwa hapa, mwanangu. Tulikuwa msibani, tulilala siku tatu." Akanitajia kata, upande wangu wa mto, barabara ya lami, mwendo wa robo saa kutoka ofisini kwangu. Na watoto wa msibani, nikauliza, walikuwa wazima? Akanitazama kana kwamba nauliza kitu kinachojulikana na kila mtu. Walikuwa wanakohoa, akasema, na wawili walifunikwa khanga ndani, macho hayataki mwanga.

Daftari lilikuwa mkobani, nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Nikalifungua pale pale kwenye mkeka nikaitafuta ile kata ya msiba, wiki ile. Kata hiyo daraja lake lilikuwa zima. Karatasi yao pia haikuja, na nilikuwa nimewaandikia sifuri.